Surua isiyotoka upele

SWALI: Wanangu wawili wameugua surua kwa wakati mmoja. Mkubwa, wa miaka sita, alijaa upele mwili mzima, lakini siku ya tano alikuwa akicheza uani. Mdogo, wa mwaka na miezi minne, ambaye amekonda tangu alipoachishwa ziwa na alikosa chanjo ya miezi tisa tulipokuwa kisiwani kwenye dagaa, alitoka vipele vichache nyuma ya masikio, kisha akalazwa kwa nimonia. Mama mkwe anasema surua yake "imeingia ndani", na kwamba angefunikwa blanketi ingetoka. Ni kweli?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Mama mkwe ameona sawasawa; tiba yake ndiyo siyo. Upele wa surua, unaojitokeza takriban siku 14 baada ya maambukizi, ni alama ya chembe nyeupe za damu zikizishambulia seli za ngozi zilizovamiwa na virusi, na ndiyo maana mtoto ambaye kinga yake imedhoofishwa na utapiamlo mkali au VVU anaweza kutoa upele kidogo, au asitoe kabisa, huku virusi vikizaliana mapafuni bila kizuizi. Blanketi haliiamshi kinga hiyo, bali humzidishia homa.

Kinachosaidia ni vitamini A, inayotolewa na mhudumu wa afya kwa siku mbili mfululizo. Ushahidi wake mmojawapo ulipatikana hapa nchini, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa kati ya watoto 88 wenye surua waliopewa vitamini hiyo walifariki 6, na kati ya 92 ambao hawakupewa walifariki 12. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka miwili.

Usimsahau huyo anayecheza uani. Virusi vya surua huua hata chembe zinazotunza kumbukumbu za magonjwa ambayo mwili uliwahi kuyashinda, kwa hiyo kwa miezi mingi ijayo kikohozi au kuhara kwake kusichukuliwe kuwa jambo dogo.

Kadi ya mdogo ipelekwe kliniki hata hivyo, kwa kuwa chanjo itolewayo ni ya surua na rubela pamoja, na kuugua surua hakukumkinga na rubela.