Mteja ameteleza dukani: dhima ya mwenye biashara na marekebisho ya sheria ya madhara

SWALI: Ndugu Wakili, mteja aliteleza dukani kwangu kwenye maji yaliyovuja kutoka kwenye jokofu la vinywaji, akavunjika mkono. Ukutani nimebandika tangazo kwamba uongozi hautahusika na majeraha yoyote, na walioshuhudia wanasema alikuwa akitazama simu. Nimesoma pia kwamba baadhi ya nchi zimerekebisha sheria ya madhara, yaani ile inayomwezesha aliyeumizwa na kosa la mwingine kudai fidia, ili kuwapunguzia wafanyabiashara mzigo wa fidia. Je, bado ninaweza kudaiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, ndiyo, unaweza kudaiwa, na kati ya hoja zako tatu ni ile ya simu pekee inayoweza kukusaidia kwa kiasi fulani. Kwa kuwa hukutaja nchi uliko, nitajibu kwa kufuata misingi iliyoanzia Uingereza na kuenea katika nchi nyingi.

Mahakama itaanza na sakafu. Sheria haimfanyi mwenye duka awe mdhamini wa kila anayeingia. Inamtaka achukue tahadhari ambayo mtu makini angeichukua, yaani kukagua, kusafisha na kuonya. Kwa hiyo kesi nyingi za namna hii huamuliwa na suala moja: je, ulijua, au ulipaswa kujua, kwamba pale pana maji? Katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1911, abiria aliteleza kwenye ganda la ndizi katika kituo cha reli. Hakuna aliyeliona likianguka, lakini lilikuwa limekauka, limekuwa jeusi, limekanyagwa hadi likabapa na kushika uchafu, na mahakama ikaona kwamba hali hiyo yatosha kuonyesha lilikaa muda mrefu kiasi kwamba wafanyakazi walipaswa kuliondoa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1976, mteja alipoteleza kwenye mtindi uliomwagika katika duka la Tesco: Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba ajali kama hiyo kwa kawaida haitokei pale sakafu inapotunzwa ipasavyo, hivyo ni duka lililopaswa kutoa maelezo, na halikuwa na ushahidi wa lini sakafu ilifagiliwa kwa mara ya mwisho kabla ya ajali.

Hali yako ni ngumu kuliko hizo mbili, kwa sababu maji yalitoka kwenye kifaa chako mwenyewe. Kama fundi aliwahi kuitwa kwa tatizo hilohilo, risiti yake itathibitisha kwamba ulijua. Na kama mfanyakazi aliyaona maji akapita, uzembe wake unahesabiwa kuwa wako.

Tangazo la ukutani halitakusaidia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1977 ilizuia biashara kujivua kwa tangazo au mkataba dhima ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake, na sheria ya mwaka 2015 ikalirudia katazo hilo kwa ajili ya wateja wa kawaida. Hata pale pasipo na katazo la wazi kama hilo, ni nadra mahakama kukubali kwamba mtu aliyeingia kununua maziwa aliridhia kuvunjwa mkono. Kibao cha “sakafu imelowa”, kilichowekwa palepale penye maji, kingekuwa na uzito zaidi.

Kuhusu simu, zamani ungeshinda moja kwa moja, maana mdai aliyechangia ajali kwa uzembe wake, hata kidogo, alikosa fidia yote. Uingereza iliiondoa kanuni hiyo mwaka 1945, na mahakama ya juu ya California ikafanya hivyo mwaka 1975. Majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Virginia, bado yanaishikilia. Mahali pengi leo lawama hugawanywa: akionekana amechangia asilimia 30, fidia yake hupunguzwa kwa asilimia 30, na asilimia 70 inabaki juu yako.

Sasa marekebisho. Mengi uliyoyasoma yanagusa kiasi cha fidia, huku wajibu wako wa tahadhari ukibaki palepale. Ukomo wa dola 250,000 kwa fidia ya maumivu, uliowekwa California mwaka 1975, ulihusu kesi dhidi ya watoa huduma za afya, na haukupandishwa hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2022. Vilevile Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2003 kwamba fidia ya adhabu, yaani ile ya kumwadhibu mkosaji juu ya kufidia hasara, ni nadra kukubalika ikifikia mara kumi ya fidia halisi au zaidi, lakini fidia ya adhabu huhitaji mwenendo mbaya zaidi ya uzembe wa kawaida. Binafsi sioni haki katika ukomo wa fidia ya maumivu. Mwenye mshahara mkubwa bado analipwa kipato alichopoteza, ilhali mtoto, mzee au mama wa nyumbani, ambaye karibu hasara yake yote ni maumivu na ulemavu, ndiye anayekatwa. Ningependa zaidi njia ya New Zealand, ambako tangu mwaka 1974 majeruhi hulipwa kutoka mfuko wa umma bila kuthibitisha kosa la mtu, na kwa kawaida haruhusiwi kudai fidia ya jeraha mahakamani.

Kwa kuwa hujapata kinga hiyo, arifu kampuni yako ya bima leo, maana mikataba mingi huipa kampuni nafasi ya kukataa madai yaliyocheleweshwa. Hifadhi picha za kamera za siku nzima kabla mtambo haujazifuta, andika nani alikagua sakafu na saa ngapi, wala usiongeze katika daftari la usafi mstari ambao haukuwepo siku ile. Jokofu lizimwe na eneo lake lizuiwe hadi fundi alitengeneze, kwani mteja wa pili akianguka hapo hutaweza kusema kwamba hukujua.