Kutoka wodini hadi kituo cha upasuaji wa mchana: pima haya kabla hujaandika barua

Wauguzi wenzangu wa wodini wakisikia siku hizi niko kwenye kituo cha upasuaji wa mchana, huku Nyali, Mombasa, kauli huwa ni ile ile: "Wewe umeshapumzika." Zamu ya usiku hakuna, Jumapili uko nyumbani, mgonjwa anaingia asubuhi na jioni yuko kwake. Yote kweli. Ila ukihama kwa kutafuta mapumziko, hutakaa. Kazi haipungui, inahamia pengine.

Wodini una muda. Mgonjwa akikutia wasiwasi unampima presha tena baada ya saa moja, unamwita daktari, unamkabidhi kwa wa zamu ya usiku, na asubuhi unamkuta pale pale kitandani. Huku kesho haipo. Una saa chache za kuamua kama mtu aliyepasuliwa ngiri leo asubuhi anaweza kwenda kwao Mtongwe leo hii. Na Mtongwe kutoka Nyali ni tuktuk, ni feri ya Likoni, ni kusukumwa na umati kwenye ule mteremko, halafu matatu. Tunatumia alama za Aldrete: anavyosogeza viungo, anavyopumua, mzunguko wa damu, fahamu, oksijeni. Kila kimoja hupewa sifuri hadi mbili, na akifika tisa au kumi ameamka vya kutosha kutoka chumba cha uangalizi. Naziheshimu alama hizo, lakini hazijui feri. Kwa hiyo nauliza pia utapita njia gani, nyumbani mnapanda ghorofa ya ngapi (ngazi za Mji wa Kale mnazijua wenyewe), na usiku utalala na nani.

Kuuliza ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunaotoka wodini huwa wagumu, kwa sababu tumezoea kulisoma faili kuliko kumsikiliza mtu. Chukua suala la kufunga kabla ya nusukaputi. Kanuni ni fupi: chakula kikome saa sita kabla, maji matupu saa mbili kabla. Sasa msikie mama wa makamo:

"Sikula kitu, mwanangu. Ni chai tu."

"Ya mkandaa au ya maziwa, mama?"

"Ya maziwa. Na hamri moja, la kumezea dawa ya presha."

Chai ya maziwa inahesabiwa chakula, na hamri halina mjadala. Ukimuuliza "umefunga?" atakujibu ndiyo, na hatakuwa amesema uongo. Muulize amekunywa nini, saa ngapi, na alikinywa na nini. Ramadhani ndiyo usiseme: mtu amekula daku karibu na alfajiri, anafika saa mbili asubuhi na kuapa kwamba amefunga. Amefunga kweli, lakini tumbo bado lina chakula, naye amepangiwa wa kwanza. Ni wewe utakayemwambia daktari asogeze orodha, na hatafurahi.

Kisha kuna msindikizaji. Aliyepewa nusukaputi au dawa ya usingizi asiendeshe chombo chochote kwa saa 24, na aondoke na mtu mzima. Kijana wa boda anakwambia shemeji yake yuko njiani, kumbe pikipiki ameiegesha pale nje na ufunguo uko mfukoni. Mimi simwachii kwa neno tu. Shemeji aingie nimwone, nimpe maelezo ya kidonda na dawa, ayarudie kwa mdomo wake, na pikipiki arudishe mwengine. Usipoweza kumkatalia mtu mzima anayetaka kwenda zake na watoto wanamngoja, kazi hii itakutesa.

Kesho yake unapiga simu. Damu inatoka? Amekojoa? Maumivu je? Hakikisha namba uliyoandikiwa ni ya mtu aliyelala nyumba moja na mgonjwa, si ya mjomba aliyeko Mariakani.

Kwenye usaili, mshahara uulize mwisho. Uliza kwanza mambo yakiharibika inakuwaje. Vituo vingi vya aina hii havina chumba cha wagonjwa mahututi, kwa hiyo lazima ijulikane mgonjwa anapelekwa hospitali gani, kwa ambulansi ya nani, na kama hospitali hiyo iko kisiwani, msongamano wa Daraja la Nyali umefikiriwa au la. Waombe wakuonyeshe mashine ya kushtua moyo. Kama wanatumia ganzi nyingi ya sindano, uliza ile dawa ya mafuta ya asilimia 20, ambayo huokoa mtu ganzi ikimwingia kwenye damu kwa wingi, inawekwa wapi. Uliza pia kama orodha ya usalama ya WHO, ile yenye vipengele 19, husomwa kwa sauti au hujazwa jioni kwa pamoja. Wakianza kutazamana, aga kwa heshima.

Kabla hujaacha wodi, mwombe sista mkuu akupeleke thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwa muda, hasa chumba cha wanaoamka. Hapo utajifunza kuiweka wazi njia ya hewa kwa mikono yako, jambo ambalo wodini huliona kwa nadra. Cheti chako cha ACLS, yale mafunzo ya juu ya kuokoa mtu moyo ukisimama, kisiwe kimepitwa, na leseni ya Baraza la Wauguzi iwe hai. Ukiona umeipenda, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya juu ya uuguzi wa upasuaji, ila si lazima uianze leo.

Pesa, kwa ufupi: posho ya usiku itakatika, na kama uko serikalini kwa ajira ya kudumu, piga hesabu ya pensheni mapema, tena na mtu anayeijua.

Na usisaini mkataba kabla hujaomba siku moja ya kutazama tu. Nenda siku orodha imejaa, kaa mpaka mgonjwa wa mwisho aondoke, uone daktari wa nusukaputi bado yupo au alishaondoka na gari lake akamwachia muuguzi peke yake.