Sahani za udongo za kupamba nyumba: maswali yenu

Nimenunua sahani iliyofinyangwa kwa mkono, ina maua ya rangi ya machungwa yanayong'aa. Naweza kuipakulia chakula?

Usipakue kitu kabla hujamuuliza aliyeifinyanga. Ule utando wa kioo unaong'aa juu ya udongo, glezi, wakati mwingine huwa na madini ya risasi, na wekundu na rangi ya machungwa iliyokolea mara nyingi hutokana na kadimi, nayo ni metali yenye sumu. Limau, siki na vyakula vichachu huyavuta madini hayo yakaingia chakulani. Risasi hujikusanya mwilini, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kuna wanaopima kwa kulaza kipande cha limau juu ya sahani usiku kucha. Rangi ikipauka, glezi hiyo ni dhaifu. Isipopauka, bado hujajua kama ina risasi au haina. Fundi akisita kukujibu, iache ibaki pambo. Hapo sina mjadala.

Bakuli langu limetoka mistari myembamba kama utando wa buibui, na halijawahi kuanguka. Limeharibika?

Kwa pambo, hapana. Bakuli linapopoa baada ya kutoka tanurini, glezi ikisinyaa kuliko udongo wake huvutika mpaka ikachanika. Hata miezi kadhaa baadaye mistari huweza kutokea, hasa kwa udongo uliochomwa kwa moto mdogo, chini ya nyuzi 1,150 hivi. Udongo huo hubaki na vitundu, hunyonya unyevu na kutanuka polepole, na glezi haiwezi kuufuata. Wafinyanzi wa China enzi za watawala wa Song, yapata miaka elfu moja iliyopita, waliipenda mistari hiyo hata wakaitafuta kwa makusudi, nami nawaunga mkono. Ila usiweke maji humo: yatapenya na kuacha alama mezani.

Niliagiza sahani sita, hakuna mbili zinazolingana. Nimepunjwa?

Hujapunjwa. Udongo husinyaa kwa asilimia 10 au zaidi tangu ukiwa mbichi hadi unapotoka motoni, na mkono si kalibu.

Nataka kuzitundika ukutani. Nianzie wapi?

Geuza sahani uangalie kikalio chake. Wafinyanzi wengine hutoboa matundu mawili hapo udongo ukiwa bado haujachomwa. Pitisha waya, umemaliza. Kama hakuna matundu, zipo waya za springi zinazoishika sahani ukingoni, lakini zifunge kwa mpira laini zisibanjue glezi. Vibandiko vya gundi sivipendi kwa sahani nzito.

Yangu imevunjika vipande vitatu. Nitupe?

Usitupe! Wajapani huunga vyombo kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu, ufa ukaonekana waziwazi, huita kintsugi. Nyumbani gundi ya epoksi inatosha, mradi chombo kisirudi kwenye chakula. Okota hata vipande vidogo kabisa, uvioshe vikauke, kisha vipange vyote bila gundi kwanza. Ukikosea mpangilio, kipande cha mwisho hakitaingia.