Kabla ya Kuwajengea Bweni Watoto wa Wahadzabe, Kaeni Kwanza na Wazazi Wao

Kwa miaka sita nilifundisha katika shule ya msingi ya bweni wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ambako wanafunzi wetu walikuwa watoto wa Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe, jamii ndogo inayoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali porini. Watu wanaotaka kuwasaidia watoto wa jamii ndogo za vijijini wanaponiomba ushauri, huanza kwa kuuliza idadi ya madarasa na vitanda vinavyohitajika. Ni swali la heri, lakini yale niliyoyaona yananilazimisha kutanguliza jingine: mtoto huyo ataendelea kuwa mtoto wa nani akishaingia getini?

Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika neno "mtoro" mara nyingi mno kwenye daftari la mahudhurio. Siku moja ndugu wawili, mmoja wa darasa la kwanza na mwingine wa darasa la tatu, waliondoka bwenini alfajiri wakatembea hadi kambi ya wazazi wao katika bonde la Yaeda. Nilipowafuata nilimkuta yule mdogo ameketi chini ya mbuyu, akipasua ubuyu kwa jiwe na kumgawia kila aliyekuwa karibu, na babu yake akaniambia kwa upole, "Mwalimu, huyu hakutoroka. Amerudi nyumbani."

Nilirudi shuleni nikiwa nimeelewa jambo ambalo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Tulikuwa tumempa mtoto yule kitanda cha peke yake, ilhali tangu azaliwe alikuwa akilala amebanana na ndugu zake kando ya moto. Tulikuwa tukimlisha uji na makande wiki nzima, ilhali alikuwa amezoea mizizi, matunda ya porini, nyama na asali. Zaidi ya yote, tulikuwa tumemkataza kusema lugha yake.

Kihadzabe kina sauti zinazotolewa kwa kugonga ulimi kwenye kaakaa, na hadi leo wataalamu hawajathibitisha undugu wake na lugha nyingine yoyote, hata Kisandawe, lugha ya Wasandawe wa mkoani Dodoma, ambacho nacho kina sauti za namna hiyo. Wanaokizungumza ni watu wapatao elfu moja tu. Katika shule yetu mtoto aliyesikika akikisema alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akikisema, na mimi mwenyewe niliwavisha watoto kibao hicho, jambo linaloniuma mpaka leo. Ushauri wangu kwa kila shule ya namna hii ni kumtafuta kijana wa jamii hiyo aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, alipwe posho, akae ndani ya darasa la kwanza na la pili, awaeleze watoto kwa lugha yao kile ambacho mwalimu anakisema kwa Kiswahili. Tulipofanya hivyo, tukawahesabisha kwa mbegu za ubuyu badala ya vijiti vya dukani, watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa somo zima walianza kunyoosha mikono.

Wanaowalaumu wazazi kwamba hawapendi elimu wangejifunza kwanza historia ya bonde hilo. Mwaka 1964 Serikali iliwahamishia Wahadzabe wengi katika makazi ya kudumu Yaeda Chini. Maradhi yakaenea, wengi wakafa, na waliosalia wakarudi porini. Mzazi aliyelelewa na simulizi hiyo ana sababu ya kumshika mwanawe anapoona gari la shule.

Kuna pia suala la adhabu. Mtoto aliyechukua embe la mwenzake alichapwa kwa wizi, wakati kwao mwenye ziada hugawa na asiye nacho huomba au huchukua bila aibu. Sisemi shule isiwe na kanuni. Nasema mwalimu amuulize mzee wa jamii kabla ya kushika fimbo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sabuni, sweta, godoro na nauli ya kurudi nyumbani bado vinamkwamisha mtoto, na mfadhili anayelipia hivyo anasaidia kuliko anayepaka rangi ukuta.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake, na nadhani hakuna mahali panapohitaji onyo hilo kama shule ya bweni. Kamati ya shule yetu ilikubali watoto waende nyumbani msimu wa asali, masomo yafidiwe siku za Jumamosi, na wazee waje kuwafundisha majina na matumizi ya miti. Ilikubali pia mzazi alale shuleni na mtoto mgeni kwa siku za mwanzo.

Mama wa wale ndugu wawili alikuwa wa kwanza kuja. Alishusha godoro la mdogo sakafuni, akaliunganisha na la kaka yake, akalala katikati yao kwa usiku tatu. Asubuhi ya nne alikunywa uji pamoja nao, akafunga khanga yake, akaondoka peke yake, nao wakaingia mstarini.