Besiboli ya watoto bila mfuko mnene

Watu wanaotaka kuanzisha timu ya watoto ya besiboli huniuliza kwanza mdhamini atapatikana wapi. Nami huwauliza: mdhamini wa kununua nini? Wengi wanakuwa wameshaandika orodha ndefu, kila mtoto na glavu yake, gongo lake, begi lake na jezi mbili. Nimekaa na timu za mtaani kwa muda wa kutosha kujua kwamba orodha hiyo inaweza kukatwa zaidi ya nusu.

Timu moja inapopiga, nyingine ndiyo iko uwanjani inadaka, wachezaji tisa. Kwa hiyo glavu tisa zinahudumia timu mbili. Zamu ikigeuka, watoto wanakabidhiana mkono kwa mkono. Hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani walikuwa wakiacha glavu zao uwanjani baada ya zamu, hadi kanuni ilipokataza mwaka 1954. Ila nunua na za mashoto, maana anayerusha kwa kushoto huvaa glavu mkono wa kulia. Tulikuwa na binti mmoja tuliyempa glavu ya kawaida: akidaka, anaivua, anaibana kwapani, ndipo anarusha. Mkimbiaji keshafika zamani.

Helmeti nazo zihesabu hivyo hivyo. Wanaoshambulia hawazidi wanne kwa wakati mmoja, yaani mpigaji na wakimbiaji watatu. Ongeza anayesubiri zamu, ni tano. Vazi la mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, yaani barakoa na kinga za kifua na miguu, seti moja kwa uwanja inatosha. Kubadilishana kunakula dakika kadhaa, na ziliwe tu. Hapa pa usalama sibani matumizi: helmeti yenye ufa inatupwa siku hiyo hiyo.

Wadogo kabisa hawahitaji hata vifaa hivyo. Kuna Baseball5, mchezo rasmi wa shirikisho la dunia, watano kwa watano, mpira wa raba unaopigwa kwa kiganja, hakuna gongo wala glavu. Umo kwenye ratiba ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Na watoto wa Jamhuri ya Dominika wanacheza vitilla kwa mpini wa ufagio na kifuniko cha chupa kubwa ya maji. Nchi hiyo haijawahi kupungukiwa wapigaji.

Sasa, kinachokausha mifuko ya wazazi ni safari. Kule Marekani timu za kusafiri zinatoza kiingilio cha mashindano, hoteli, mafuta, na kocha binafsi juu. Mtoto wa miaka tisa hana haja ya kulala hotelini ili arushiwe mpira. Little League, ligi ya besiboli ya watoto, ilipoanza Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, ilikuwa na timu 3 tu, za watoto wa mji huo huo. Gawa watoto wako wawe timu tatu au nne, wachanganye upya kila msimu, wacheze wao kwa wao. Mashindano ya mbali yasubiri wakue.

Ada iwepo, lakini mzazi aweze kuilipa kwa kazi: kuchora mistari, kuamua mechi, kuhesabu mirusho ya kila mrushaji kwa mpigaji. Hiyo ya mwisho isidharauliwe, kwa sababu kiwiko cha mtoto kinaharibika taratibu. Little League inaruhusu mirusho 75 kwa siku kwa wenye miaka 9 na 10, na 85 kwa wa 11 na 12. Mhesabuji wetu bora ni bibi mmoja mwenye daftari. Kocha akijaribu kumbembeleza amwongezee mrushaji wake mirusho miwili, bibi anafunga daftari na kumtazama tu.

Faida nyingine ya vifaa vya pamoja ni kwamba hakuna anayejua nani kashindwa kununua. Ndiyo maana nina sheria moja isiyo na mjadala: gongo likiingia uwanjani ni la wote. Mzazi mmoja aliwahi kuleta gongo la bei mbaya akataka lisiguswe na mwingine. Tukamwomba alirudishe nyumbani, na mwanawe akaendelea kucheza kwa la timu.

Vifaa vikae kwa mtu mmoja, na kila kinachotoka na kurudi kiandikwe. Asiwe kocha. Makocha hupoteza vitu.