Forklifti Iliyozama na Stoo Nzima: Ushauri kwa Wanaojiunga na Jeshi la Wanamaji

Miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani, wako wanaojiunga na jeshi la wanamaji la nchi hiyo na kupangiwa kazi ya stoo, kazi niliyoifanya mwenyewe kabla ya kuacha utumishi. Wadogo zangu hawa huwa nawaambia jambo wasilolitarajia: wasikilize kwa makini visa vya mabaharia wakongwe kuhusu magari chakavu yaliyotoswa baharini, kwa maana visa hivyo vina somo la utunzaji wa mali ambalo darasani halifundishwi waziwazi.

Kisa maarufu kuliko vyote, ambacho kila msimulizi huapa kwamba alikuwepo, kinahusu forklifti, yaani gari la kunyanyulia mizigo. Ilikuwa imezeeka, breki zake zikishika siku zilizopenda zenyewe, na kuirudisha nchi kavu ili ifutwe kwenye daftari kulihitaji sahihi za watu wengi ambao hawakuwa na haraka. Usiku mmoja bahari ikachafuka kidogo, forklifti ikateleza sitahani hadi majini, na kwa bahati ya ajabu mnyororo wa kuifungia ulikuwa umelegezwa na hapakuwa na shahidi. Asubuhi ripoti ya upotevu ilipoanza kuandikwa, mkuu wa stoo akakumbuka kwamba ilikuwa imebeba darubini ambazo hazikuonekana tangu mwaka uliotangulia. Mafundi wa injini wakakumbuka masanduku yao ya spana. Wapishi wakakumbuka mashine ya kahawa, masufuria na, kwa sababu wasizozieleza, magodoro. Nahodha aliisoma ripoti hadi mwisho, akauliza kama kuna chochote kilichobaki melini, kisha akatia sahihi.

Cheka, lakini angalia kwamba bahari imetajwa kidogo tu na kwamba sehemu iliyobaki yote ni makaratasi. Hesabu ya mali ikiahirishwa mwezi baada ya mwezi, upungufu huongezeka hadi watu wazima wakaanza kuombea ajali. Utaratibu ulionisaidia mimi ni kuhesabu sehemu ndogo ya stoo kila wiki bila kungoja ukaguzi, kuandika upungufu siku ileile unapoonekana, na kutotia sahihi kwa kifaa ambacho sijakishika. Afisa atanuna kwa darubini moja iliyoripotiwa leo, lakini kununa huko kunavumilika kuliko maswali ya wachunguzi kuhusu forklifti iliyobeba kumi.

Visa vya kweli navyo vipo. Katika kisiwa cha Espiritu Santo, ambacho leo ni sehemu ya Vanuatu, Wamarekani walikuwa na kituo kikubwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wakabaki na malori, buldoza na kreni ambazo hawakuona faida ya kuzisafirisha kwao. Inasimuliwa kwamba waliwapa bei ya chini sana Waingereza na Wafaransa waliovitawala visiwa hivyo kwa ubia, na kwamba watawala hao walikataa wakitumaini kuachiwa kila kitu bure. Wanajeshi wakajenga njia ya kuteremkia majini, wakaziingiza mashine baharini moja baada ya nyingine. Mahali hapo panaitwa Million Dollar Point, na wapiga mbizi huenda kutazama mabaki yake mpaka leo. Ukiwa mnunuzi wa mali chakavu, usibane bei mno mbele ya mtu mwenye buldoza.

Mwishoni mwa Aprili 1975, Saigon ilipokuwa ikianguka, rubani wa Vietnam Kusini alihitaji kutua kwenye Midway, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, akiwa na mke na watoto watano katika ndege ndogo. Nahodha Lawrence Chambers aliamuru helikopta zilizoziba sitaha zisukumwe baharini, mali iliyokadiriwa kuwa ya dola milioni 10, na baadaye alieleza kwamba hakutazama, ili akiulizwa idadi aweze kusema kwa haki kwamba haijui. Huo ndio upungufu pekee wa hesabu ninaoutetea, kwa kuwa ulikuwa na roho za watu upande wa pili wa daftari.

Usijaribu kuiga mengine. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kudhibiti utupaji baharini, na mwaka huohuo mkataba wa kimataifa kuhusu jambo hilo ukafikiwa London. Hata manowari kuukuu Oriskany, iliyozamishwa makusudi karibu na Pensacola mwaka 2006 ili iwe makazi ya samaki, ilisafishwa mafuta kwanza na kuombewa kibali cha mamlaka ya mazingira. Gari bovu lipeleke nchi kavu, uzifuatilie zile sahihi kwa subira, na utunze nakala. Na siku ukiwa mkongwe, ukisimulia kisa cha forklifti mbele ya maafisa, hakikisha kilitokea kabla ya 1972.