Kabla ya Molekuli Kubwa, Pima Heli

Wanafunzi wa kemia ninaokutana nao hapa Nairobi, hasa upande wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hupenda kuanza na kitu kikubwa. Mtu amechambua mwarobaini maabarani, basi anataka kompyuta impe nishati ya azadiraktini, molekuli yenye atomu 95. Mimi humsihi aiweke kando kwanza, aanze na heli: kiini kimoja, elektroni mbili, jozi moja tu.

Njia ya Hartree-Fock, ambayo ni hatua ya kwanza ya hesabu hizi, huifanya kila elektroni ihisi wastani tu wa zile nyingine, kama abiria anayejua matatu imejaa kiasi gani ila hajui nani amekaa wapi. Kwa kweli elektroni hukwepana kila nukta. Kwa heli, Hartree-Fock hutoa −2.8617 hartree (kipimo cha nishati cha atomu), na jibu sahihi ni −2.9037. Tofauti ni kama asilimia moja na nusu, na wengi huidharau. Igeuze iwe kilojuli kwa moli: inakaribia 110, yaani robo ya nishati ya kuvunja kifungo cha molekuli ya hidrojeni, H₂. Kwa florini hali ni mbaya zaidi, maana Hartree-Fock hudai kwamba atomu mbili za florini hazina sababu ya kushikana kabisa!

Sasa pakua PySCF au Psi4, programu za hesabu hizi, zote ni za bure, na laptopu ya kawaida inatosha. Pima heli kwa CCSD, njia inayohesabu jinsi elektroni zinavyokwepana, ambayo kwa elektroni mbili hutoa jibu kamili la seti ya msingi uliyochagua, yaani kundi la fomula ambazo kompyuta hulijengea wimbi la elektroni. Ukitumia seti ndogo iitwayo cc-pVDZ, yenye fomula 5, utapata zaidi kidogo ya robo tatu ya ile tofauti. cc-pVTZ, yenye 14, hukupa asilimia 93. cc-pVQZ, yenye 30, hukufikisha 97 hivi. Ukiyaona haya kwa macho yako, hutaamini tena jibu lililotoka kwenye seti moja ndogo, hata njia iwe na jina kubwa namna gani.

Mwendo huu wa kinyonga una chanzo chake. Elektroni mbili zinapokutana, fomula ya wimbi, inayoeleza elektroni ziko wapi, hufanya ncha kali, jambo alilolithibitisha mwanahisabati Kato mwaka 1957, na fomula laini tunazotumia haziwezi kuichonga ncha hiyo vizuri. Mwanafizikia Hylleraas alikuwa ameshaonyesha dawa mwaka 1929: ingiza umbali kati ya elektroni zenyewe ndani ya hesabu. Njia za F12 za leo zinafuata wazo hilohilo, nami nalipenda sana. Programu yako ikikosa F12, chukua nishati ya jozi, yaani CCSD inavyotofautiana na Hartree-Fock, ya cc-pVTZ (TZ) na ya cc-pVQZ (QZ): zidisha ya QZ kwa 64, toa ya TZ mara 27, gawanya kwa 37. Kwa heli utakaribia mno 0.042 hartree, ile tofauti ya mwanzo.

Ukishatosheka, nenda hidrojeni, maji, kisha florini. CCSD(T), yaani CCSD iliyoongezewa makadirio ya elektroni tatu kwa pamoja, ni ghali: molekuli ikiwa kubwa maradufu, kazi huongezeka takriban mara 128. Kwa hiyo hifadhi matokeo ya kati kwenye faili kabla stima haijapotea. Na ukizitenganisha atomu mbili za molekuli ya naitrojeni hadi kifungo kikatike, usiitegemee CCSD(T) tena. Hapo tafuta njia inayoanza na mipangilio kadhaa ya elektroni kwa pamoja, kama CASSCF.